Mzee wa Fuko wa Njoro: nilimlipa 1,000 anisomee mashimo ya ghalani

Nianze na bei, maana najua wengi mmekuja kutafuta hiyo. Shilingi 1,000 kusoma mashimo, yaani kukuambia ni mnyama gani kachimba kila shimo, 100 kwa kila fuko atakayemtoa, nauli ya bodaboda juu yako, chai juu yako. Risiti hakuna. Nampa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nimeikata mwenyewe kwa sababu nitakazozitaja.

Mimi nafuga ng'ombe wanne wa maziwa upande wa juu wa Njoro, huku Nakuru, na kuku wa mayai hamsini na kitu. Ghala letu ni la mbao za mutarakwa, la enzi za wazungu. Njoro hii ndiko alikoanzia ukulima Delamere, yule mlowezi Mwingereza, na ukitembea mashambani bado utakutana na maghala ya namna hiyo, marefu, yameinama kidogo, na mabati yenye kutu. Upande mmoja tunakamulia, katikati ni stoo ya mahindi na chakula cha ng'ombe, mwisho kabisa wamo kuku. Simiti iko pale pa kukamulia tu. Kwingine kote ni udongo uliokanyagwa, ule mwepesi wetu wa volkano ambao ukiutia jembe linazama lenyewe. Kinachotuzalishia viazi ndicho kinachowarahisishia kazi wachimbaji.

Mwezi wa kwanza, tulipokuwa tumemaliza kuingiza mahindi, ndama wangu wa miezi miwili alitoka mbio kumfuata mamake, mguu wa mbele ukazama sakafuni hadi gotini. Hakuvunjika, ila alichechemea wiki nzima. Jioni hiyo nikachukua tochi nikalizunguka ghala lote. Nilihesabu mashimo 11. Mengine niliyajua, mengine sijui yalikuja lini.

Kila mtu akaja na mnyama wake. Kijana wangu wa kazi alisema ni nyoka, akakataa kuingia stoo bila gambuti. Mama mkwe akasema nungunungu, kwa sababu nungunungu waliwahi kummalizia viazi robo eka akiwa bado msichana, na tangu siku hiyo kila shimo duniani ni la nungunungu. Mume wangu, ambaye yuko kazini Eldoret, alijibu kwa simu bila hata kuuliza ukubwa wa mashimo: "Ni panya tu hao, weka dawa."

Nikaweka dawa. Hapa ndipo pesa zilipoanza kutoka.

Kwenye agroveti niliyoingia (siitaji, wala sitaki ugomvi), kijana wa kaunta aliniuliza swali moja tu: "Wakubwa au wadogo?" Nikasema sijui. Akanipa pakiti sita za punje za rangi ya waridi, 150 kila moja. Ni zile dawa zinazozuia damu kuganda. Panya hali akafa hapo hapo, huchukua siku kadhaa, na ndiyo maana hashtuki akawaonya wenzake. Nilizitia mdomoni mwa kila shimo, yote 11, kama mtu anayepanda maharagwe. Baada ya wiki moja kulikuwa na uvundo ukutani, vifusi vya udongo kando ya hori vilikuwa vimeongezeka, na paka wangu alikutwa nyuma ya tangi akiwa amekufa, damu puani. Paka huyo alikuwa hakosi windo kila usiku. Panya mwenye sumu mwilini hutembea kwa uzito, na paka hapendi kazi ngumu.

Nikarudi kulalamika. Yule kijana akanionyesha kitu kingine, vidonge vya gesi, vile vya kuhifadhia nafaka, niviweke shimoni nizibe. Nashukuru Mungu nilimpigia kwanza daktari wa mifugo. Alinifokea. Vile vidonge vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo haichagui panya, ng'ombe wala mtu. Hupita kwenye udongo mwepesi na nyufa za mbao ikaingia mahali mnapolala. Ndani ya banda lenye wanyama havifai kabisa, na hata kwenye nafaka si vya kushikwashikwa na mtu asiyefunzwa. Kama kuna mtu amekuuzia vidonge hivyo kwa ajili ya mashimo ya bandani, usivifungue hata kifuniko.

Kisha nikaingia ujinga wa pili, kamera. Ilikuwa 7,200, duka moja mjini Nakuru, ile ya kufunga mtini inayopiga picha gizani yenyewe kitu chenye joto kikipita mbele yake. Si mbaya kama kifaa. Kwa siku nne ilinipa picha 214. Zaidi ya nusu ni miguu ya ng'ombe. Nyingine ni mimi nimevaa leso, naingia kukamua saa kumi na moja alfajiri, na moja ni mama mkwe akichungulia kamera kwa karibu sana. Panya walionekana mara mbili, kama vivuli vyenye macho mawili meupe. Tena kwa ubahili wa betri nilikuwa nimeipanga ifanye kazi usiku peke yake, kosa ambalo nililielewa baadaye. Kwa hivyo kamera naipa nyota mbili kwa kazi hii. Kwa kuangalia mwizi wa mahindi shambani labda ni nne.

Aliyenielekeza kwa mzee ni mama muuza viazi pale stendi ya Njoro. "Wewe unanunua dawa ya mgonjwa ambaye hujui ni nani," aliniambia. "Tafuta Mzee wa Fuko." Hilo ndilo jina lake kwa watu wote. Nikapewa nambari. Siku tatu nilikuwa nikipiga, yuko mteja, yaani hapatikani. Siku ya nne akapokea, tukakubaliana aje Alhamisi. Alhamisi haikumleta, wala Ijumaa. Alitokea Jumamosi saa kumi na moja jioni kwa bodaboda, amebeba gunia lenye waya na fito, na kopo la jivu la jikoni lililochekechwa laini kama unga wa uji. Hakuomba radhi kwa kuchelewa. Alisalimia, akauliza: "Mama, leo ghala limefagiwa?" Nikajibu kwa fahari kwamba nimelifagia vizuri kwa ajili yake. Akatikisa kichwa. Nilikuwa nimefagia ushahidi wote.

Kwa hiyo wenye kumwita, sikilizeni: siku mbili kabla hajaja, msifagie.

Jioni hiyo hakufanya mengi. Alizunguka ghala nje mara moja, ndani mara moja, kisha akapiga magoti mbele ya kila shimo na kunyunyiza jivu utandu mwembamba, mapana ya sahani. Mashimo mawili aliyaruka. Nikamuuliza mbona. Akawasha tochi upande upande, nikaona: utando wa buibui umetandazwa mdomoni, mzima, na vumbi juu yake. "Hapa hakuna mtu. Angekuwepo angepasua pazia." Pakiti mbili za dawa niliweka humo mimi. Nilinyamaza kimya.

Asubuhi saa kumi na mbili alikuwa ameshafika, kabla sijamaliza kukamua. Alinisubiri nimalize, kisha akaniita nione jivu pamoja naye, shimo kwa shimo. Huu ndio utamu wa huduma yenyewe, kwa sababu hasemi tu, anakuonyesha mpaka uone mwenyewe.

Kando ya ukuta wa stoo kulikuwa na mashimo sita, yakiwemo yale mawili ya buibui. Manne yaliyobaki yalikuwa na mdomo unaoingia vidole viwili au vitatu, na kutoka kila moja kilitoka kijia chembamba kilichong'aa, kimepakwa kama mafuta, kinaambaa na ukuta. Panya hapendi kukata uwanja katikati. Hupita ubavu wake ukigusa ukuta, na mafuta na uchafu wa manyoya huacha alama. Kwenye jivu nyayo zilikuwa za kuhesabika: mguu wa mbele vidole vinne, wa nyuma vitano. Akachota kiganja cha mahindi kutoka gunia lililotobolewa, akanitandazia. Punje nyingi zilikuwa nzima isipokuwa kiini, kile kidoa laini mwanzoni mwa punje. Kimenyofolewa safi. "Dumuzi angeacha unga na vitundu. Huyu anakula mahali patamu anaacha ganda." Panya shamba, alisema, yule wa kahawia mwenye tumbo la kijivu, aliyehamia ndani mahindi yalipotoka nje. Jike lake hubeba mimba wiki tatu na siku chache, na huzaa kumi au zaidi kwa uzao mmoja. Akaniambia nipige hesabu mwenyewe mpaka mavuno yajayo. Nilipiga, nikaacha.

Akanionyesha na mwingine, ambaye kwa kawaida hachimbi: yule mweusi wa darini, mwenye mkia mrefu kuliko mwili. Mavi yake yalikuwa juu ya boriti, si chini. Huyo ukimzibia shimo la sakafuni unajisumbua, maana njia yake ni matawi ya mti yanayogusa mabati. Mti tuliukata matawi siku ile ile.

Kisha akauliza swali lililonishangaza: "Bundi wako analala wapi?"

Ukweli ni kwamba tuna bundi. Wale weupe wa usoni, kama moyo. Analala juu pembeni, kwenye boriti ya mwisho, na mama mkwe amekuwa akitaka afukuzwe tangu mwaka juzi, kwa sababu bundi akilia juu ya boma kuna mtu atazikwa. Mzee hakubishana naye. Aliinama chini ya boriti hiyo akaokota donge jeusi la manyoya, refu kama kidole gumba, kavu. Mimi siku zote nilidhani ni mavi ya paka. Kumbe bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa ambayo tumbo halikusaga. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatoa mwiba wa mgunga kwenye kofia, akaanza kulifumua donge juu ya gunia jeupe la nailoni. Mama mkwe, aliyekuwa amesimama mbali akinung'unika, alisogea hatua moja, halafu nyingine, mpaka kivuli chake kikamzibia mzee mwanga akaambiwa ahame.

Mafuvu manne yalitoka. Matatu yalifanana: meno mawili marefu ya mbele, ya rangi ya machungwa, kisha pengo tupu, kisha magego nyuma. La nne lilikuwa dogo zaidi, jembamba kama mbegu ya tango, na halikuwa na pengo lolote. Meno meupe yamepangana kuanzia mbele hadi nyuma kama msumeno. "Huyu si panya," akasema. "Huyu ni kirukanjia." Nikakumbuka wale vipanya wenye pua ndefu ambao marehemu paka wangu alikuwa akiwaua na kuwaacha mlangoni bila kuwala. Nilikuwa nikimwona mvivu. Kirukanjia ananuka, ndiyo maana paka anamwacha. Hali mahindi, anakula wadudu, mende na viwavi. Ukitaka kumtofautisha akiwa mzima, hesabu vidole vya mguu wa mbele: vitano, wakati panya ana vinne. Nilikuwa nimeweka sumu kumwua mtu anayenilia mende bure.

Kuhusu bundi, mzee alimwambia mama mkwe jambo moja tu: "Mama, donge moja, panya watatu. Na huangusha donge kila siku. Paka wenu alikuwa analeta wangapi?" Mama mkwe hakujibu, lakini tangu siku hiyo sijasikia habari za kufukuzwa. Nadhani bado anamwogopa. Anamwogopa huku akimhesabia madonge. Nilimkuta wiki iliyopita akiwa na kijiti.

Sasa vifusi. Mahali ndama alipozama, na kando ya hori, palikuwa na vifusi vitatu vya udongo vilivyosukumwa kutoka chini, bila mlango wa wazi. Hilo peke yake lilimtosha mzee. Panya huacha mlango wazi, fuko hufunga. Akapima kwa mguu, akachimba kati ya kifusi na kifusi kwa kisu mpaka akakutana na handaki, pana kiasi cha ngumi yangu kuingia, ukuta wake umelainishwa kama ndani ya chungu. Akalifungua akaliacha wazi. "Twende tukanywe chai." Ilikuwa saa moja kasoro. Chai ya pili haijaisha nikarudi kuchungulia, na lile tundu lilikuwa limezibwa kwa udongo mpya, wenye unyevu. Fuko hapendi upepo wala mwanga ndani kwake. Akisikia hewa inaingia huja kuziba. Hiyo ndiyo njia ya kumtambua, na ndiyo njia ya kumkamata.

Mtego wake ni ufito mbichi uliopindwa kama upinde, ncha yake imefungwa waya wa breki ya baiskeli wenye kitanzi, na kitanzi kimelazwa ndani ya handaki nyuma ya uzi. Fuko akija kusukuma udongo wa kuzibia anakata uzi, ufito unaruka, basi. Hakuna dawa. Saa tatu na nusu ulifyatuka. Nilitarajia kitu kama panya. Nikaona mnyama mnene asiye na shingo, urefu wa kiganja na nusu, manyoya mazito laini ya hudhurungi iliyokolea, mkia mfupi, macho madogo kama shanga. Lakini meno ndiyo niliyoyakodolea macho. Yale ya mbele hukaa nje ya midomo. Midomo inafunga nyuma ya meno, kwa hiyo anaweza kuchimba kwa kuuma udongo na kinywa kikabaki safi. Mzee alisukuma mdomo wake kwa mwiba anionyeshe, na kweli, meno yana matope, ulimi hauna hata chembe.

Na hapa ndipo aliponipata. Nilidhani vifusi vitatu ni fuko watatu, na kwa kuwa analipwa kwa kichwa, nilidhani yeye ndiye angesema sita. Akasema: "Ndani humu ni mmoja. Fuko haishi na mwenziwe. Vifusi vyote hivi ni handaki moja." Na wa pili alimtoa kwenye nepia, yale majani ya ng'ombe, nje ya ukuta. Nilimlipa 200 za fuko wawili badala ya zile 600 ambazo angeweza kunidanganya nikazitoa bila kuuliza. Aliniambia pia kwa nini dawa yangu ya waridi hakuigusa: fuko hali nafaka iliyomwagwa juu, anakula mizizi. Alikuwa anafuata mizizi ya nepia niliyoipanda hatua mbili kutoka ukutani kwa sababu ya uvivu wa kubeba. Nimeing'oa safu mbili za karibu.

Shimo la kumi lilikuwa chini ya msingi, pembe ya kuku, kubwa kiasi cha kuingiza mguu wa gambuti, na ndilo lililokuwa limemkimbiza kijana wangu wa kazi. Mzee alimwambia nyoka tunaowaogopa hapa, swila na bafe, hawachimbi. Huingia nyumba ya mtu mwingine. Akatafuta gamba lililovuliwa, hakulipata. Alichopata ni maganda ya mayai, yamepasuliwa vipande vipande chini ya jiwe la msingi, na jiweni penyewe ute uliokauka. Nguchiro. Hushika yai kwa miguu ya mbele, hugeuka akaupa ukuta mgongo, kisha hulirusha nyuma kati ya miguu likapasuka. Ilikuwa inanipotea trei kwa wiki nikimshuku kijana wa kazi, Mungu anisamehe. Jivu la usiku mbele ya shimo hilo halikuwa na unyayo hata mmoja, na mzee alisema ni kawaida, yule mwembamba mwenye ncha nyeusi mkiani hutembea mchana. Nikakumbuka kamera yangu, iliyokuwa ikilala mchana kutwa kubana betri.

Nilimwomba amtege. Akakataa katakata. Kwanza, ni mnyama wa porini na sheria ya wanyamapori ya 2013 ipo. Hataki maneno na askari. Pili, huyo huyo ndiye anayeingia mashimo ya panya, na akikutana na nyoka hamkimbii. "Funga kuku wako vizuri, mwachie panya." Nilikasirika kidogo, kwa sababu mayai ni yangu si yake. Lakini nilinunua waya wa kofitrei, ule mgumu wa matundu madogo (wa kuku haufai, panya mdogo anapita huku anacheka), tukauzungusha chini ya banda na kuufukia futi moja ardhini. Mayai hayajapotea tena. Nguchiro yupo, nimemwona mara tatu akikatiza kwenye nepia saa nne asubuhi.

La kumi na moja, lile kubwa karibu na mlango lililonitia hofu kuliko yote, alilitazama kwa nusu dakika. Udongo ulirushwa upande mmoja tu, nyuma, na kwenye ukingo palikuwa na mikwaruzo mipana ya kucha. "Hili amechimba mbwa wako, mama. Alikuwa anamfuata panya." Nililipia kusomewa shimo la mbwa wangu mwenyewe.

Kazi yote ya baadaye niliifanya kwa maagizo yake: mifuko miwili ya simiti kwenye stoo, magunia juu ya mbao zilizoinuliwa na kuachwa nafasi ya kupita mtu kati yake na ukuta, miguu ya jukwaa imevishwa mabati yaliyolainishwa ili panya ateleze, mitego ya kawaida ya kubana ikiwekwa sambamba na ukuta na siyo katikati ya sakafu. Alinionya pia nisifagie mavi ya panya yakiwa makavu. Niyanyunyizie maji yenye jiki kwanza, nivae kitambaa puani na glavu, kwa sababu mkojo wa panya una magonjwa na ng'ombe wanakula hapo hapo. Mwezi wa pili mitego ilikamata 23. Mwezi wa tatu, wanne. Gunia lililotobolewa tangu hapo ni moja, nalo nililiacha limeegemea ukuta mimi mwenyewe.

Sasa ile nyota ya tano. Alichelewa siku mbili bila neno. Aliondoka na kuacha handaki moja wazi kando ya hori, na ng'ombe wangu mkubwa akatia kwato humo jioni. Ni bahati hakuteguka, maana mzee tulikuwa tumemwita kwa sababu hiyo hiyo. Anazungumza sana, na si yote ya kuamini. Aliapa kwamba fuko akiona jua anakufa papo hapo, ilhali yule wa pili nilimwona juani akiling'ata gunia dakika nzima. Na simu. Mtu mwenye kazi nzuri namna hii kwa nini awe mteja siku tano kati ya saba?

Nikilinganisha matumizi: dawa 900 na paka, kamera 7,200, mzee 1,200 pamoja na nauli 300 na chai. Kamera nitamwuzia anayeitaka, betri ni mpya karibu.

Juzi kifusi kipya kimetokea karibu na lango, kibichi, udongo bado una harufu ya mvua. Nilifungua tundu kwa kisu, nikaenda kunywa chai, nikarudi likiwa limezibwa. Nimepiga ile nambari tangu jana asubuhi. Mteja.